Siku Tuliyosemewa

Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye shahada ya uzamivu, aliyewahi kubishana na maprofesa wa Madrid kwa Kihispania mpaka wakaomba maji ya kunywa, alikuwa amefichwa jikoni kama sufuria iliyotoboka. Mwanamke huyo ni mimi, Elsa binti Optatus. Na nilikuwa nimekubali mwenyewe, kwa hiyo sikuwa hata na mtu wa kumnunia.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa wapangaji chini ya ghorofa moja pale Rinkeby, kitongoji cha Stockholm. Onésime alikuwa ameleta watu wake kuniposa. Kwa desturi yao Warundi, mposaji hasemi neno siku hiyo. Anakaa katikati ya wazee wake, suti imepigwa pasi, mdomo umefungwa, na msemaji wa ukoo ndiye anayemwombea mke. Upande wa binti nao wana msemaji wao, na kazi yake ni kukataa. Atasema binti hayupo, binti hajui kupika, binti ameshaposwa na mfalme. Wale watabembeleza na kusifu, hawa watakataa tena, watu watacheka, kisha vinywaji vitafunguliwa. Wakishakunywa, mambo yamekwisha. Sisi Wahaya tuna taratibu zetu, lakini baba yangu, dereva mstaafu wa mabasi ya mji huu, alisema wageni ndio wenye ngoma, basi tucheze ya kwao.

Jiko lilikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani. Nililifungua kidogo.

"Acha kuchungulia, wewe!" akasema Mwatumu, rafiki yangu, muuguzi, mtu wa Tanga asiyejua kunong'ona. "Mchumba gani ana macho ya mwizi wa kuku?"

"Sichungulii. Natazama."

"Kazi yako hiyo ya kutazama picha imekuharibu. Kaa chini, utatoa jasho, hiyo poda itakuwa uji."

Sikukaa. Wazee wa Onésime walikuwa wameketi mstari mmoja, kreti za bia na Fanta miguuni mwao, na kila mmoja amevaa vifuko vya plastiki vya buluu juu ya viatu, kwa sababu tangazo la mlangoni lilisema sakafu imepigwa dawa juzi. Suti za heshima juu, mifuko ya hospitali chini. Na katikati yao alikuwepo yeye, Onésime wangu, mabega kama mlango, mikono mikubwa imetulia magotini. Aliinua macho akaona ufa wa dirisha. Akatabasamu kidogo sana, upande mmoja wa mdomo, kama mtoto anayekatazwa kucheka kanisani. Moyo wangu ukaniuma, kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia.

Onésime ni seremala wa makumbusho. Anatengeneza fremu na makasha ya kusafirishia picha. Nilikutana naye miaka sita iliyopita kwenye bohari, nilipokwenda kuchunguza picha ya zamani ya Sevilla, Hispania: mwanamke wa jikoni, mitungi, na samaki watatu kwenye sahani. Nilikuwa nimeitazama wiki nzima bila kuona kitu. Yeye alikuja kubadilisha fremu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "Mbona unatazama uso tu? Mgeuze, uone mgongo wake." Nikapenda sauti, nikampenda na mtu. Miaka mitatu baadaye, akiivua picha hiyohiyo ubao wake wa nyuma, aliona maandishi madogo yaliyofichwa na mbao: Bernabé. Nikatafuta kwenye daftari za zamani za Sevilla nikamkuta: kijana mweusi, mtumwa wa mchoraji, aliyekuwa akisaga rangi. Watu wote walidhani picha ni ya bwana wake. Niliandika makala, na makala hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye giza.

Kidogo tu, lakini. Msije mkadhani nilikuwa profesa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ya mikataba ya miezi sita sita. Nikiomba kazi Stockholm, wananiuliza kwa upole kwa nini nisisome sanaa ya Afrika. Nikiomba Madrid, wananiuliza hivyohivyo kwa upole mdogo zaidi. Marafiki wa Baba wananiuliza kama Wahispania hawana watoto wao wa kutazama picha zao. Mara kumi niliomba kazi ya mkataba mrefu, mara kumi nilikataliwa. Niliomba ya kumi na moja bila kumwambia mtu, kwa hasira tu. Na Jumanne ya wiki hiyo barua ikaja kutoka Sevilla: miaka mitatu, ofisi yangu mwenyewe, naanza mwezi wa nne.

Baba alijua kwa sababu alikuwa amekaa pembeni nilipopiga kelele. Onésime hakujua. Jumanne alikuwa kazini, simu haikupokewa. Jumatano alizunguka na mama yake kutafuta vinywaji. Alhamisi tulikula wote, akanionyesha tai mbili kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, nikanyamaza. Nilijiambia nitamwambia Jumapili, posa ikishapita. Ndiyo akili yangu ilivyofanya kazi, na mimi ndiye msomi.

Kule ukumbini Mzee Évode, mjomba wa Onésime, alisimama. Alikuwa mrefu, mkavu, na alijua kwamba anatazamwa.

"Amahoro, ndugu zetu. Sisi ni watu wa njia. Tulipita hapa tukaona moshi. Tukasema, eh bien, moshi huu ni wa mtu anayejua kuwasha moto. Tunaomba tumuone."

Msemaji wetu alikuwa Anko Cliff, Mkenya, fundi bomba wa Bredäng, rafiki wa Baba wa miaka thelathini. Aliinuka taratibu akavuta suruali juu.

"Moshi? Mzee, hapa Rinkeby ukiona moshi unapigia zimamoto. Si unaomba bibi!"

Ukumbi ukacheka. Mwatumu akanipiga kiwiko. "Huyu Mkenya atatuua."

"Basi si moshi," akasema Mzee Évode. "Ni harufu ya chakula kizuri."

"Chakula tumeagiza, bwana. Hapa hakuna anayepika."

"Donc, kuna binti. Tumesikia sauti yake. Mnamficha kwa nini?"

"Hakuna binti," akasema Anko Cliff, na nikaona anavyojipanga, kifua mbele, kama mtu aliyehifadhi bao lake bora mpaka mwisho. "Tulikuwa naye, ukweli tuseme, lakini mmechelewa. Wahispania wamemchukua! Sevilla. Miaka mitatu, anaanza kazi mwezi wa nne. Huyu mzee hapa, Optatus, ameshika barua na mkono wake. Sasa niambieni, nyinyi mko na nini ya kushinda Wahispania?"

Hakuwa na ubaya. Baba alimwambia ndani ya gari asubuhi, akadhani Onésime anajua, kila mtu alidhani Onésime anajua. Kwake lilikuwa neno la kunipandisha thamani mbele ya wageni, na likanipandisha kweli, maana watu walipiga makofi.

Mzee Évode hakuchelewa hata kidogo. "Wahispania wana mafahali wa kupigana! Sisi tuna ng'ombe wa maziwa!"

Vigelegele. Baba anafuta machozi ya kicheko. Kelly, dada yake Onésime, amejiinamia kwa kucheka. Mama yao, Mama Godelieve, hakucheka, lakini huyo hakuwahi kucheka nikiwa karibu, kwa hiyo sikumhesabu. Nilimtazama Onésime.

Naye hakucheka. Aligeuza kichwa polepole kuelekea dirisha la jikoni, na safari hii hakukuwa na tabasamu. Alinitazama usoni akitafuta kitu ambacho ningetaka asikione. Ningeweza kucheka tu. Ningeweza kutikisa kichwa. Uso wangu ulikataa kabisa.

Akasimama. Mposaji akasimama katikati ya posa na kutoka nje! Wazee wakashtuka, lakini Mzee Évode akadaka. "Kijana anakwenda kuangalia kama hao Wahispania wamefika!" Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwa mlango wa nyuma wa jiko, Mwatumu ananivuta kitenge.

Tulikutana kwenye chumba cha kufulia, upande wa pili wa korido. Mashuka ya mtu yalikuwa yanazunguka kwenye mashine. Onésime alifunga mlango nyuma yake.

"Ni utani?"

"Onésime, ngoja..."

"Nauliza swali moja. Mzee Cliff anatania?"

"Hatanii."

Alishusha sauti. Afadhali angepiga kelele. "Tangu siku gani?"

"Jumanne."

"Leo ni Jumamosi, Elsa."

"Najua leo ni siku gani! Nilikupigia Jumanne."

"Na Alhamisi? Alhamisi nilikuwa nimekaa wapi? Ulikuwa unanichagulia tai. Ulisema hii ya kijani inanipendeza. Ulikuwa na barua ndani ya mkoba, ukaniambia kijani inanipendeza."

"Inakupendeza kweli."

"Usifanye hivyo."

"Nisifanye nini? Unataka niseme nini?" Nikaona hasira inanipanda, hasira ya mtu aliyekosa, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. "Mara kumi, Onésime! Mara kumi nimekuja kwako na barua za kukataliwa, umenipikia chai, umenipangusa kamasi, umesema itakuja nyingine. Nilichoka kuhurumiwa. Hii niliomba kimyakimya ili nikikosa nikose peke yangu. Halafu nikapata, nikawa sijui naanzia wapi."

"Ungeanzia kwenye 'nimepata'."

Nikatafuta la kujibu, maana mdomo wangu umezoea kujitetea. "Ungenikataza."

"Nimekukataza nini? Sema siku moja. Madrid ulienda miezi mitatu, nilikupeleka uwanja wa ndege. Toledo, nilikupeleka. Nimekukataza lini?"

Hakuwahi. Hata siku moja.

"Basi mama yako angekataza," nikasema, na hapo nikawa nimeukanyaga moto kwa miguu mitupu. "Mama yako hanitaki, tusidanganyane. Miaka miwili sasa. Mwanzoni alikuwa ananiita binti yangu, ananiwekea maharage kwenye kopo niende nayo nyumbani. Halafu ghafla nikawa mgeni. Ananipa vidole viwili vya kusalimia. Nimezeeka? Mimi ni Mtanzania? Nasafiri sana? Angeniambia tu kosa langu, nikalijua."

"Mwache Mama."

"Simgusi, nasema tu..."

"Mwache Mama nje ya hii, Elsa." Aliegemea mashine, akakaza macho sakafuni, na akasema kwa sauti ndogo, "Kwa kweli hujui kwa nini?"

"Sijui."

"Ile makala yako ilipotoka, Kelly aliipata kwenye kompyuta. Akamwambia Mama. Mama akaita watu. Mzee Évode akaja, majirani wakaja, wakapika kama Krismasi. Mama akavaa miwani yake, na Kiswidi yeye hasomi hata kidogo, akavaa tu. Akasema, Kelly, soma. Soma pale penye jina la kaka yako."

Nikajua ukurasa anaouelekea.

"Kelly akasoma. Kurasa ishirini na mbili. Kila ukurasa anafasiri, watu wanangoja. Huyo Bernabé yuko kila mahali. Umeandika hakuna mkono uliofanya kazi unaostahili kubaki bila jina. Kelly aliyasoma hayo mara mbili, yalikuwa mazuri. Halafu akanifikia mimi. 'En tekniker.' Fundi mmoja. Fundi mmoja aligundua maandishi nyuma ya picha. Mama akasema, endelea. Kelly akasema, Mama, imekwisha."

"Onésime."

"Watu wakala wakaenda nyumbani."

Nilitaka kusema niliandika jina lake. Ni kweli, niliandika. Onésime na jina la baba yake, herufi zote na alama zake. Mhariri wa jarida akanirudishia, akasema kwa kawaida mafundi hawatajwi kwa majina, inapunguza uzito wa kazi. Nilikuwa na mkataba wa miezi sita uliobakiza wiki tatu. Nikamwambia hayo yote Onésime pale pale, haraka haraka, na kila neno lilivyotoka nililisikia linavyonuka.

"Na wewe ukamjibu nini huyo mhariri?" akauliza.

"Nikasema sawa."

Mashine ikaanza kukamua mashuka, chumba kizima kikatetemeka, tukabaki tunatazamana tukingoja kelele ipungue. Maisha yangu yote ya usomi ni kutafuta majina ya watu waliofutwa. Nimepewa sifa kwa hilo. Na mtu aliyenionyesha mgongo wa picha nilimfuta mwenyewe, kwa neno moja, kwa adabu.

"Kwa nini hukuniambia? Miaka miwili, Onésime! Umelala na hilo miaka miwili!"

"Nilikuwa nangoja ukumbuke."

"Nilikumbuka. Nilijifanya nimesahau."

"Mbaya zaidi," akasema. Akanyoosha tai yake ya kijani, akapangusa uso kwa kiganja. "Bon. Turudi ndani. Wazee wanangoja."

"Turudi kufanya nini?"

"Kumaliza. Nilisema nitakuoa, nitakuoa. Mama alihama nchi na watoto wawili na sufuria moja, siwezi kumrudisha nyumbani na aibu ya kreti kumi. Sevilla tutaongea baadaye."

"Unanioa kwa sababu unanipenda au kwa sababu kreti zimeshafika?"

"Nimeshasema, Elsa."

"Hilo si jibu!"

"Ndilo nililonalo leo."

Akafungua mlango akatoka. Nilimjua mtu huyu. Aliwahi kumwahidi jirani yake wa Spånga kabati, akalimaliza siku aliyosema akiwa na homa ya digrii thelathini na tisa, na jirani mwenyewe alimsihi alale. Neno likishatoka kwake halirudi. Na likitolewa na wazee wake, mbele ya mama yake, ndiyo kabisa. Angenioa. Angenipeleka uwanja wa ndege, angenichagulia mapazia, angezaa na mimi watoto, na kila asubuhi angekuwa fundi mmoja ndani ya nyumba yangu.

Mwatumu alinikuta koridoni. "Wanakuita. Mungu wangu, poda yote imekwenda. Umelia?"

"Sijalia."

"Basi usianze sasa." Akanipangusa kwa ncha ya leso yake, akanisukuma mlangoni huku akipiga vigelegele vya kuamsha mtaa.

Niliingia. Watu wakasimama, simu zikainuliwa. Onésime alikuwa amerudi kwenye kiti chake, mikono magotini, mdomo umefungwa, kila kitu kama desturi inavyotaka. Hakuinua macho. Baba alinishika mkono. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya Bukoba na koti juu, na furaha yake ilinichoma, kwa sababu tangu mama yangu afariki sikuwa nimemwona akicheka kama siku ile.

"Elsa, mwanangu," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Watu hawa wametoka mbali. Wameleta vinywaji. Sisi hatuwezi kunywa kitu bila wewe kutuambia. Je, tunywe?"

"Msinywe, Baba."

Ukumbi ukalipuka. Kicheko, makofi, Mwatumu na vigelegele vyake. Anko Cliff akajipiga paja. "Eh! Huyu nimemfunza mimi!"

"Binti ana mdomo!" akasema Mzee Évode, amefurahi kweli, maana msemaji mzuri anapenda kukataliwa. "Na mzuri namna hii asikatae? Tutaongeza sifa. Binti yetu, macho yako ni taa za..."

"Msinywe," nikasema tena.

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja akaanzisha wimbo. Nikaona jinsi nilivyokwama. Ukumbi mzima ulikuwa umekuja kusikia nakataa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniamini. Nililia kwa hasira, kidogo tu, na hata hilo likaonekana ni madoido.

Baba peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Alikuwa bado ameushika mkono wangu, na nadhani ulikuwa wa baridi. "Elsa?"

"Sitanii, Baba. Mzee Évode, shikamoo, nisamehe, sitanii. Anko Cliff, habari ya Sevilla ni kweli na Onésime hakuijua, ameisikia hapa pamoja na nyinyi. Lakini si hilo tu. Nimemkosea. Nilimkosea miaka miwili iliyopita, kosa la wazi, na amenivumilia kimya. Mkinywa leo atanioa hata kama moyo wake umegoma, kwa sababu nyinyi mtakuwa mmeshasema kwa niaba yake na yeye hawezi kuwaangusha. Mimi simtaki hivyo." Nikamgeukia Onésime. "Namtaka sana. Lakini si hivyo. Msinywe."

Simu zikashuka moja moja. Anko Cliff aliketi kama mtu aliyevutiwa kiti.

Mama Godelieve akainuka. Ni mwanamke mdogo, mfupi kuliko mimi kichwa kizima, na watu walimpisha kama basi. Akasimama mbele yangu.

"Kosa gani?"

"Makala, Mama. Jina lake."

"Nani alikuambia? Kelly?"

"Onésime. Sasa hivi, kule nje."

"Sasa hivi?" Akamgeukia mwanawe, kisha akarudi kwangu. "Miaka miwili unakula kwangu. Nilikuwa nasema, mwanamke huyu anajua alichofanya, na anaomba chumvi. Hana haya."

"Sikujua kama mlisoma. Lakini nilijua nilichofanya."

"Hm." Akavuta mtandio wake begani. "Mimi leo nilikuja nimejitayarisha. Nilisema, nitakuchukia, na nitamwacha mtoto aoe, na nitakuchukia mpaka Mungu aniite. Sasa wewe unasimama unasema ukweli mbele ya watu. Nitakuchukia namna gani sasa?"

"Sijui, Mama."

"Umenivuruga."

"Mama Godelieve," akasema Baba, "tukae. Tukae tuzungumze kama wazazi."

"Tutazungumza, Mzee Optatus. Wewe ni mtu mwema. Lakini si leo, na si juu ya vinywaji." Akapiga makofi mara mbili. "Bebeni kreti."

Wakabeba. Hakuna kitu kinachochukua muda kama kreti kumi zinazotoka mahali zilipoingia kwa nyimbo. Wazee walipita wakinipa mkono. Kelly alinikumbatia haraka akakimbia. Mzee Évode alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akasema katika posa thelathini alizosemea hii ni ya kwanza kupotea, na hakusema kwa ubaya. Mwatumu alikuwa analia waziwazi kwenye dirisha la jikoni, kwa ajili yetu wote.

Onésime alibaki wa mwisho. Kreti moja ya Fanta ilikuwa imebaki karibu na mguu wangu, akainama kuichukua, akasimama nayo kifuani. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliisikia sabuni yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukuniacha nikuoe tu?" akauliza.

"Kwa sababu ungenioa."

Nilidhani atacheka, nilidhani ataitupa ile kreti, nilidhani atasema neno lolote ambalo ningeweza kulishika. Akaipandisha kreti begani akatoka nje kwenye theluji, na mimi, mbele ya baba yangu na Anko Cliff na Mwatumu wa Tanga, nikakaa chini sakafuni na kitenge changu cha posa nikalia bila kujali nani ananiona.